DASHIBODI YA HAIBRIDI SI MHASIBU WAKO

Ndugu muuzaji, leo naongea na wewe unayepokea oda mtandaoni, unapakia mzigo kwenye gari lako mwenyewe, halafu unashika barabara kuu. Dar kwenda Morogoro, Dodoma, Tanga, Moshi, popote wateja walipo. Hasa wewe mwenye Aqua, Prius, Fit au Axio ya haibridi, ile unayoisifia kila kijiwe kwamba "hii gari hainywi mafuta, inanusa tu."

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Haibridi ni gari zuri, lakini namba inayoandikwa kwenye dashibodi yake haifai kupangia bei ya usafiri. Namba ya dalali ndiyo haifai kabisa. Ukipanga nauli ya kifurushi kwa namba hizo mbili, kila safari unamlipia mteja sehemu ya mafuta bila kujua. Mwisho wa mwezi unakaa unajiuliza: oda zilikuwa nyingi, mbona hela haionekani?

Namba ninayoiamini mimi ni moja tu: kilomita ulizotembea, ugawe kwa lita ulizolipia pampuni. Basi. Sasa twende taratibu.

NAMBA YA DALALI INATOKA WAPI?

Fungua tangazo lolote la Aqua, utakuta "inatembea kilomita 35 kwa lita". Dalali hajaitunga. Aqua ilipoingia sokoni Japani Desemba 2011 ilipewa kilomita 35.4 kwa lita, na baada ya maboresho ya 2013 ikafika 37. Kwa hiyo namba ni ya kweli. Swali ni kwamba ilipatikanaje.

Ilipatikana kwa kipimo cha Kijapani kinachoitwa JC08. Gari linapimwa ndani ya maabara likizungusha matairi juu ya rola. Safari nzima ni kama kilomita 8, dakika 20 hivi. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 81.6 kwa saa, tena kwa muda mfupi. Ukijumlisha na kusimama, wastani wa mwendo ni kilomita 24.4 kwa saa. Kiyoyozi kimezimwa.

Kilomita 24 kwa saa! Huo ni mwendo wa foleni ya Mwenge jioni. Hapo hakuna Chalinze, hakuna lori la kulipita, hakuna boksi kumi za viatu kwenye buti.

Sasa linganisha. Gari hilohilo Toyota waliliuza Marekani kwa jina la Prius c. Injini ileile ya lita 1.5, mfumo uleule wa haibridi. Lebo ya serikali ya Marekani kwa gari la mwaka 2012 ilikuwa, ukigeuza galoni na maili zao kuwa lita na kilomita:

- Mjini: kilomita 22.5 kwa lita
- Barabara kuu: kilomita 19.6 kwa lita
- Wastani wa vyote: kilomita 21.3 kwa lita

Gari moja. Japani 35, Marekani 21. Hakuna aliyedanganya. Wamarekani, kuanzia magari ya mwaka 2008, hesabu yao inaingiza mwendo mkali, joto na kiyoyozi, na baridi. Inafanana zaidi na maisha ya mtu mwenye safari.

Kwa hiyo wewe wa mikoani, ukitaka pa kuanzia kabla hujapima mwenyewe, anza na 19 au 20. Hiyo 35 mwachie dalali.

KWA NINI INANUSA MJINI LAKINI NJIANI INAKUNYWA?

Angalia tena zile namba za Marekani. Umeona kitu? Mjini gari limefanya vizuri kuliko barabara kuu. Gari la kawaida la petroli huwa kinyume chake.

Sababu ni hii. Mjini unasimama kila saa. Gari la kawaida likisimama injini inaendelea kuunguruma na kuchoma mafuta bure. Haibridi inazima. Ukikanyaga breki, gari la kawaida linageuza ule mwendo wako kuwa joto la breki, umepotea. Haibridi inaurudisha sehemu kwenye betri kwa kuifanya mota ya umeme izalishe chaji, kisha inautumia kuondokea. Foleni, ambayo ni adui wa gari la kawaida, kwa haibridi ndiyo shamba la kuvuna.

Barabara kuu hakuna mavuno hayo. Umekamata mwendo, hukanyagi breki, husimami. Betri haina pa kuchaji isipokuwa kwa injini yenyewe, na injini inakula petroli. Kumbuka haibridi ya kawaida haichomekwi ukutani. Kila chembe ya umeme iliyomo ndani ulishailipia sheli. Na betri yenyewe ni ndogo: ya Aqua hubeba takriban uniti 0.9 za umeme, na gari haliruhusu itumike yote. Hiyo haiwezi kukufikisha Moro.

Bado inabana mafuta kuliko gari la kawaida, kwa sababu injini yake imetengenezwa kwa kubana. Ila faida inapungua. Tuweke namba. Yaris, ambayo sisi tunaijua zaidi kwa jina la Vitz, ile ya 2012 ya otomatiki, ilipewa na Wamarekani kilomita 12.8 kwa lita mjini na 14.9 barabara kuu. Ukilinganisha na Prius c kwa kila kilomita 100:

- Mjini: Yaris lita 7.8, Prius c lita 4.4. Umeokoa lita 3.4.
- Barabara kuu: Yaris lita 6.7, Prius c lita 5.1. Umeokoa lita 1.6.

Umeona? Kwa kila kilomita 100, haibridi inakuokolea mjini mara mbili ya inavyokuokolea njiani. Kwa hiyo kama biashara yako ni kusambaza mizigo Sinza, Tegeta, Mbagala na Gongo la Mboto, haibridi ni rafiki yako wa damu. Kama kila wiki uko njia ya mikoani na umetoa milioni kadhaa zaidi ili upate haibridi badala ya Vitz, piga hesabu upya ni kilomita ngapi zitarudisha hizo milioni. Sisemi usinunue. Nasema usinunue kwa hesabu ya mjini wakati gari litaishi barabara kuu.

MWENDO NDIO UNAOKULA HELA

Kitu kikubwa kinachokula mafuta kwenye barabara kuu ni upepo ambao gari linausukuma. Na upinzani wa upepo haupandi pole pole. Unapanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 100, umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini upinzani wa upepo umepanda kwa asilimia 56. Ukienda 120, umekuwa mara mbili na robo ya ule wa 80. Ukifunga keria juu na kuweka mzigo, unazidisha tena.

Sasa unapata nini kwa hiyo haraka? Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Ungeweza kwenda 80 mwanzo mwisho ungetumia saa 2 na dakika 22. Kwa 100 mwanzo mwisho, saa 1 na dakika 54. Tofauti dakika 28, na hiyo ni kwenye karatasi. Barabarani kuna vibao vya 50, kuna malori, kuna matuta. Kwenye sehemu hizo wewe wa 100 na yule wa 80 mnakuwa sawa. Mara nyingi yule uliyempita kwa mbwembwe unamkuta nyuma yako kwenye kibao cha kijiji kinachofuata.

Mteja wa mtandaoni anayesubiri mzigo hajui kama ulifika saa nne kamili au saa nne na robo. Anajua umefika siku uliyosema. Kwa nini uchome mafuta kwa robo saa ambayo hakuna anayekulipa?

SPIDOMITA NAYO INA MAMBO YAKE

Hapa ndipo wengi wanabishana bila sababu. Mmoja anasema "mimi kwa 100 napata 22 kwa lita". Mwenzake mwenye gari kama hilo anasema "muongo, mimi kwa 100 napata 19". Inawezekana wote wanasema kweli. Inawezekana 100 zao si moja.

Spidomita imetengenezwa kuzidisha. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa ya magari, namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari. Inasema spidomita isionyeshe hata siku moja mwendo mdogo kuliko mwendo halisi. Kuzidisha inaruhusiwa, hadi asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Maana yake:

- Ukiwa 50 halisi, spidomita inaweza kusoma popote kati ya 50 na 59.
- Ukiwa 80 halisi, kati ya 80 na 92.
- Ukiwa 100 halisi, kati ya 100 na 114.

Kiwandani wanajua tairi hubadilika, kwa hiyo wanaweka akiba upande wa usalama. Ndiyo maana ukiweka simu yenye GPS pembeni, mara nyingi unaona dashibodi inasema 100 na simu inasema 95 au 96. Kwenye barabara iliyonyooka na mwendo usiobadilika, iamini simu. (Aitazame aliyekaa pembeni yako. Wewe macho barabarani.)

Sasa usichanganye mambo mawili. Watu wanasema, "kama spidomita inazidisha, basi na kilomita nazo zinazidishwa, kwa hiyo hesabu ya mafuta ni uongo." Hapana. Odomita, ile namba ya kilomita za gari, huhesabu mizunguko ya tairi bila kuwekewa ile akiba ya spidomita. Kwa kawaida iko sahihi kuliko spidomita. Kinachoiharibu ni tairi lenyewe.

TAIRI KUBWA LINADANGANYA PANDE ZOTE

Hii iwekee alama, kwa sababu barabara zetu zinatushawishi. Aqua ipo chini. Fundi wa tairi atakwambia, "bosi, tuweke ya Prius hapo, gari inyanyuke."

Aqua nyingi hutoka na tairi la 175/65R15. Kipenyo chake ni kama milimita 608. Tairi la 195/65R15 lina milimita 634. Tofauti ni zaidi ya asilimia 4. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini gari halijui. Linahesabu kama tairi ni lile la zamani. Matokeo yake:

Kwanza, kilomita zinahesabiwa pungufu. Odomita ikisema 100, umetembea 104. Hesabu yako ya mafuta itaonekana mbaya kuliko ilivyo, na bei unayomtoza mteja kwa kilomita utakuwa unajipunja.

Pili, ile akiba ya spidomita inaliwa. Tuseme spidomita yako ilikuwa inazidisha kwa asilimia 2 tu. Ulipokuwa unasoma 50, ulikuwa unakwenda 49. Sasa ukisoma 50, unakwenda 51. Kwenye kibao cha 50 chenye trafiki na tochi mkononi, huna pa kujitetea. Utalipa faini. Faida ya vifurushi vingapi hiyo?

Na tairi likiisha linafanya kinyume. Tairi jipya lina kashata za milimita 7 au 8. Likifika karibu milimita 1.6 za kulitupa, kipenyo kimepungua kama milimita 12, yaani asilimia 2. Odomita inaanza kukuzidishia. Gari litaonekana limeanza kunusa tena. Wala. Tairi limekwisha.

Kupima odomita ni rahisi. Kwenye barabara kuu kuna vibao vya kilomita pembeni. Ukifika kwenye kibao, soma kihesabu cha safari. Hesabu kilomita 20 za vibao, soma tena. Kikisema 20.4, gari lako linazidisha kwa asilimia 2. Kikisema 19.2, linapunguza kwa asilimia 4. Andika hiyo namba kwenye daftari lako la biashara, siyo kichwani.

SASA TUJE KWENYE HELA

Ile "km/L" ya dashibodi si kipimo cha mafuta yaliyotoka tankini. Ni makadirio. Kompyuta ya gari inahesabu nozeli za injini zimefunguka kwa muda gani, inakadiria mafuta yaliyopita, inagawa na kilomita. Nozeli zikiwa na umri, makadirio yanayumba. Na mara nyingi yanayumbia upande wa kumfurahisha mwenye gari. Kwenye gari langu mimi sijawahi kupata tanki ambalo pampu imenipa namba nzuri kuliko dashibodi. Hata moja.

Tupige hesabu ya mfano. Safari ya Dar na Moro kwenda na kurudi, kilomita 380. Petroli tuseme Sh 3,000 kwa lita. (Wewe weka bei ya mwezi huu. Tanzania EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mliopo Kenya EPRA hutangaza tarehe 14.)

- Kwa namba ya dalali, 35 kwa lita: lita 10.9, Sh 32,600.
- Kwa namba ya dashibodi, tuseme 23 kwa lita: lita 16.5, Sh 49,600.
- Kwa namba ya pampu, tuseme 20 kwa lita: lita 19, Sh 57,000.

Kati ya dashibodi na pampu kuna Sh 7,400 kila safari. Ukienda mara mbili kwa wiki, safari nane kwa mwezi, ni karibu Sh 60,000. Ukiwa ulipanga kwa namba ya dalali, pengo ni Sh 24,400 kwa safari, yaani Sh 195,000 kwa mwezi. Hiyo kwa wengi wetu ni kodi ya fremu.

Najua kuna mtu anasema, "kaka, Sh 7,400 kwa safari ni kitu gani?" Haya. Umebeba vifurushi 20. Gawa. Ni Sh 370 kwa kila kifurushi. Kama kwenye usafiri ulikuwa unabakiza Sh 1,000 kwa kifurushi, zaidi ya theluthi imeshaondoka kabla hujanunua hata maji ya kunywa. Biashara zetu hizi hazifi kwa pigo moja. Zinakufa kwa mia tatu, mia tatu.

JINSI YA KUPIMA, HATUA KWA HATUA

1. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza. Usimwambie mhudumu "malizia ifike namba kamili". Hapohapo umeharibu kipimo.

2. Rudisha kihesabu cha safari, kile cha A au B, kwenye sifuri.

3. Endesha kama unavyoendesha siku zote, angalau kilomita 300. Usianze ustaarabu wa siku moja kwa sababu unapima. Safari fupi haifai: betri inaweza kuanza imejaa na kumaliza ikiwa tupu, ukaona namba nzuri ambayo hutaiona tena.

4. Rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza mpaka ikate mara ya kwanza. Chukua risiti.

5. Gawa kilomita kwa lita za risiti. Kama ulishapima odomita yako kwa vibao, rekebisha kilomita kwanza.

6. Andika pembeni: dashibodi ilisema ngapi, njia gani, mzigo kiasi gani, kiyoyozi kiliwaka au hapana.

7. Rudia kwa matanki matatu. Kisha jumlisha kilomita zote, ugawe kwa lita zote. Usijumlishe zile namba tatu na kugawa kwa tatu. Mfano: ukienda kwa 18 kwa lita na kurudi kwa 24, usiseme wastani ni 21. Lita zako zinasema 20.6. Ule upande mbaya ndio unaotumia mafuta mengi, kwa hiyo una uzito zaidi.

La muhimu, pima kwenda na kurudi. Dodoma iko juu ya Dar kwa zaidi ya mita 1,000. Gari na mzigo wenye uzito wa kilo 1,400 kupandishwa mita 1,100 kunahitaji kama lita moja na robo ya ziada, achilia mbali mwendo wenyewe. Ukirudi unashuka, unapata nafuu. Anayepima wakati wa kushuka tu ndiye anayekuja kijiweni na hadithi za "nimepata 30 kwa lita".

Na kwa mliozoea Kitonga: betri ya haibridi ni ndogo, hujaa kabla hujamaliza mteremko mrefu. Ikijaa haipokei tena. Hapo weka gia kwenye B ili injini isaidie kushikilia gari, usichome breki. Usitegemee kwamba kila ulichopanda kitarudi kwenye betri. Hakirudi.

"LAKINI HII HESABU SI INACHOSHA?"

Inachukua dakika tatu sheli. Unahesabu pisi za nguo, unahesabu makato ya miamala ya simu hadi shilingi ya mwisho. Halafu mafuta, ambayo kwa safari ya mkoa huenda ndiyo gharama yako kubwa kuliko zote, unayahesabu kwa kuangalia kioo kinachokuchekea?

Mwingine atasema, "mimi naongeza kidogo juu, namaliza." Ukiongeza kwa kubahatisha, kuna mawili. Ukiongeza ndogo, unakula mtaji. Ukiongeza kubwa, mteja anahamia kwa jirani aliyepiga hesabu. Anayejua namba yake anaweza kushusha bei bila kujiumiza, na anaweza kukataa oda ya hasara bila kujuta.

NENO KWA MNAOUZA MAGARI MTANDAONI

Wapo humu wanaouza magari, au wanaolipwa kamisheni kwa kuyatangaza. Nawaomba kitu kimoja. Acheni kukopi "35 kwa lita" na kuibandika chini ya picha kama vile ni ahadi.

Yaliwakuta wakubwa. Ford waliuza Marekani haibridi inayoitwa C-Max, ya mwaka 2013, ikiwa na lebo ya maili 47 kwa galoni, kama kilomita 20 kwa lita. Wenye magari wakawa hawaipati. Kumbe namba ile ilichukuliwa kwenye gari lao jingine, Fusion, kwa sababu injini na kundi la uzito vilikuwa sawa, na kanuni ziliruhusu. Ila umbo la C-Max lilikuwa tofauti, na upepo wa barabara kuu haujali kwamba injini ni moja. Agosti 2013 lebo ikashushwa hadi 43, na wanunuzi wakalipwa dola 550 kila mmoja. Juni 2014 ikashushwa tena hadi 40, wakalipwa tena.

Kampuni kubwa ina hela ya kurudisha. Wewe una nini? Una jina lako na ukurasa wako. Mteja aliyeahidiwa 35 akapata 19 hatakuja kukushitaki. Ataandika tu chini ya posti yako, na kila anayekuja atasoma.

Andika hivi: "Kipimo cha kiwandani Japani ni 35. Njia ya Moro, kwa pampu, tumepima 20." Utaona anayenunua anakuamini zaidi, na anayekuamini harudi kukutukana. Huo ndio mtaji ambao hauhitaji sheli.

MWISHO

Sijasema haibridi ni mbaya. Ninayo, naipenda, na kwa mizunguko ya mjini siibadilishi kwa Vitz. Nasema heshimu kila namba kwa kazi yake. Namba ya kiwandani ni ya kulinganisha gari na gari. Spidomita ni ya kukulinda, ndiyo maana inazidisha. Namba ya dashibodi ni ya kukufundisha mguu: ikishuka, ujue umekanyaga sana. Lakini namba ya kupangia bei inatoka sheli, kwenye risiti.

Wiki hii ukijaza tanki, anza hatua ya kwanza. Ukimaliza matanki matatu, rudi hapa uandike chini: gari gani, tairi saizi gani, njia gani, dashibodi imesema ngapi na pampu imesema ngapi. Tukipata namba za kutosha za watu wetu, kwa barabara zetu na mizigo yetu, hakuna dalali atakayetubabaisha tena na 35.

Mtumie mwenzako mwenye Aqua ambaye bado anatoza kifurushi cha Moro kwa bei ya mwaka juzi. Utakuwa umemwokolea kodi ya fremu.